Kumfunga Mume Tai

Nyumba nyingi hapa Mtwara zina tai iliyofungwa na mtu asiyeishi humo. Ukitaka kuiona, ingia chumbani ukatazame msumari nyuma ya mlango. Utaikuta inaning'inia na fundo lake tayari, kitanzi kimelegezwa kiasi cha kupita kichwa, ikisubiri Jumatatu au harusi. Aliyeifunga ni rafiki wa kazini, au kijana wa duka la kukodisha suti, au mwalimu wa kwaya, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuifungua. Kuifungua anaweza hata mtoto. Kuirudisha ndiyo kazi.

Ya kwetu ilifungwa na mhasibu mmoja ambaye baadaye alihamishiwa Songea. Baba watoto alikuwa ametoka kwenye ukarani wa maghala ya korosho, mahali ambapo ukivaa shati la mikono mirefu watu wanakuuliza una kesi gani mahakamani. Akapata kazi ya ofisini, benki, na akaambiwa Jumatatu mpaka Alhamisi ni tai, Ijumaa fulana ya kampuni. Yule mhasibu akamfunga ya kwanza hukohuko ofisini, akamwonyesha namna ya kuivua bila kuifungua, kisha akahama na ujuzi wake. Sisi tukabaki na fundo.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Chikongola, na suti naikata, kola naigeuza, bwana harusi akinenepa wiki ya mwisho namtafutia nafasi ubavuni. Lakini tai haishonwi kibandani. Inanunuliwa, mara nyingi mtumbani, na mteja akija kujaribu koti anakuwa ameshaivaa au hana habari nayo. Miaka yote hiyo nimetazama tai kwenye vifua vya watu kama kitu kilichoota hapo.

Sasa, fundo lililokaa shingoni mwa mtu miezi na miezi katika mji huu linakuwa na hali yake. Kuanzia Oktoba joto linapanda, kaskazi haijashika vizuri, mvua bado ziko mbali, na mtu anatembea kutoka kituo cha bodaboda hadi mlango wa ofisi tu shati limeshamganda mgongoni. Jasho, poda, mafuta ya nywele, vumbi la Novemba. Fundo lile lilianza kung'aa. Likawa na weusi wa aina yake ambao mtu anayeishi kwa vitambaa hawezi kuuvumilia, na Jumamosi moja usiku, watoto wamelala, nikalishusha msumarini nikalifungua kwa makusudi.

"Sasa Jumatatu nitavaa nini, fundi?"

Ananiita fundi akiwa amekasirika. Siku nyingine ni mama.

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshapitiwa na kitu kingine. Tai ikiwa imefunguka na kulala mezani ni kazi nzuri sana ya mikono, na sikuwahi kujua. Niliigeuza mgongo. Kitambaa kimekatwa mshazari, siyo kwa kufuata uzi ulionyooka bali kwa kukatiza pembeni, ndiyo maana kinavutika kidogo kisha kinarudi. Urefu wake hautoki kwenye kipande kimoja; kuna viungo viwili ndani ya ile sehemu inayozunguka shingo, vimefichwa chini ya kola. Ndani kuna kitambaa kingine kizito kidogo cha kuipa mwili. Na ule mshono wa mgongoni, unaoshikilia kila kitu, umeshonwa kwa mkono, uzi mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha, umelegezwa kwa makusudi, na mwishoni wameacha kijiuzi kama kitanzi kidogo. Nilipoushika uzi huo na kuuvuta taratibu, tai nzima ilijikunja ikawa na mawimbi. Nikairudisha ikanyooka. Uzi ungekazwa, siku ya kwanza tu ya kufungwa ungekatika.

Nilisoma baadaye kwamba ukataji huu wa mshazari wenye vipande vitatu ulitoka kwa fundi mmoja wa New York, Jesse Langsdorf, miaka ya 1920. Kabla yake tai zilikuwa zinapinda na kuchanika kwenye fundo. Huyo jamaa natamani ningekuwa nimepanga naye kibanda.

Lakini kuujua mwili wa tai hakukufungi tai. Jumapili nikawasha simu.

Kwenye video tatizo linaanza mapema. Anayefundisha anajifunga mwenyewe akitazama kamera. Mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Video nyingine zimegeuzwa zikawa kama kioo, nyingine hazikugeuzwa, na hakuna anayekutangazia ipi ni ipi. Halafu mimi sikutaka kujifunga mwenyewe. Nilitaka kumfunga mtu aliyesimama mbele yangu, kwa hiyo kila kilichokuwa kimegeuka kilibidi nikigeuze tena kichwani, huku mwenye shingo anahema kwa kukosa subira na bando linaisha.

Wanawake niliowauliza wengi wana njia yao: unajifunga mwenyewe mbele ya kioo, unalegeza, unavua, unamvisha. Nilijaribu. Fundo linatoka zuri. Ila kiwiliwili cha mume wangu ni kirefu kuliko changu na shingo yake nene, kwa hiyo ncha iliyonifika mimi mkandani yeye ilimfika kitovuni. Alitoka kwenye kioo akionekana mtoto wa shule ya vidudu siku ya mahafali.

Njia ya pili ni kusimama nyuma yake, mikono yako ikapita juu ya mabega yake, mkashirikiana kioo. Hii ina akili, maana mikono yako inakuwa upande uleule na mikono yake, hakuna cha kugeuza. Anayeanza namshauri aanzie hapo. Shida kwetu ilikuwa kimo. Ilibidi akae kwenye stuli, nami nimwekee kidevu begani ndipo nione, na mtu aliyekaa tumbo lake linajikunja: ukipima tai imfike kwenye chuma cha mkanda akiwa amekaa, akisimama imepanda. Jumatatu hiyo alikwenda kazini na tai iliyofungwa kwa njia hii, fupi kidogo, koti likiwa limefungwa vifungo vyote ili isionekane, kwenye joto lile. Alirudi jioni hanisemeshi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyekuwa amesikia vurumai yote, alinipigia hodi na sahani ya ming'oko. "Wenzio wanafunga waume kwa waganga," akasema, "wewe umeamua kumfunga mchana kweupe." Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari.

Aliyetuokoa ni mjomba wangu wa Msangamkuu. Alivuka na pantoni kuja kuchukua suruali yake, akatukuta uani, mimi nimemshika mume wangu kifuani, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Mjomba amefanya kazi kwenye mashua tangu ana ndevu za kuhesabika. Kanzu anayo, koti la kuvalia juu ya kanzu analo, kofia anazo za kutosha, lakini tai hajapata kuivaa maishani mwake na hana mpango. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigogo akatazama video ile mara moja tu, mpaka mwisho, hakusema neno. Kisha akaomba ile tai, akaiviringisha kwenye nguzo ya kibanda cha kuku, akafunga.

Tukatazamana.

"Hili fundo la tanga," alisema. "Kamba ya tanga ukiifunga kwenye pete ukaiacha, upepo unaipiga usiku kucha, fundo baya linafunguka. Hili likipigwa linazidi kukaza."

Siku nyingine ningechukulia kuwa ni maneno ya wazee wa pwani, ambao kila kitu kwao kilitoka baharini. Lakini nilikwenda kusoma, na ni kweli. Fundo la kawaida la tai, lile jepesi ambalo wengi hujifunza kwanza, kwa umbo lake ni lilelile fundo ambalo mabaharia wa meli za matanga walifungia kamba kwenye tanga, kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja mjomba. Tofauti ni kwamba wao walilifunga kwenye kamba, na sisi tunalifunga kwenye kitambaa na kukilazimisha kilale vizuri.

Ila kilichonisaidia hasa ni namna alivyonifundisha. Mjomba hakutaja kulia wala kushoto hata mara moja. Kwake kamba ina upande uliosimama na upande unaocheza. Uliosimama huna habari nao, umeukamata tu usiondoke. Unaocheza ndio unaoufuata. Kwenye tai, ncha nyembamba imesimama, ncha pana inacheza. Na ukishaliona hivyo, kumfunga mtu kwa mbele, kwa nyuma, kwenye kioo, kwenye nguzo ya kuku, ni jambo moja. Unaanzia upande gani, haijalishi. Fundo likianzia kulia litapinda huku, likianzia kushoto litapinda kule, basi.

Nimweleze na msomaji, asije akabaki na hadithi tupu. Msimamie mtu wako uso kwa uso, kola ya shati imeinuliwa, kifungo cha juu kimefungwa. Pitisha tai shingoni, ncha pana ishuke chini kuliko nyembamba kwa kama shibri moja na nusu. Kwa mrefu ongeza, kwa mwenye tumbo ongeza pia, kwa mfupi punguza. Ncha nyembamba ishike pale kifuani, hiyo ndiyo imesimama. Ncha pana ipitishe mbele yake. Izungushe kwa nyuma. Irudishe mbele tena, na hapo kwa mbele kutatokea kama utepe uliolala, usiupoteze huo. Sasa ncha pana ipandishe kwa ndani, upande wa shingo, itokeze juu karibu na kidevu, halafu ishushe ipite chini ya ule utepe uliolala. Vuta pana kuelekea chini ufunge fundo. Kisha shika nyembamba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili sukuma fundo lipande mpaka kwenye kola. Kabla halijakaza kabisa, bonyeza katikati chini ya fundo kwa kidole cha shahada, pabaki kibonyo. Hicho kibonyo ndicho kinachotofautisha tai iliyofungwa na mtu na tai iliyonunuliwa imefungwa.

Fundo litapinda kidogo upande mmoja. Ndivyo lilivyo. Mume wangu alikuja na malalamiko kwamba wenzake wana mafundo manene yaliyosimama sawasawa, pembe tatu kamili, kama ya wasoma habari kwenye televisheni. Hilo ni fundo jingine, linazungushwa pande zote mbili, na linaitwa kwa jina la yule Duke wa Windsor, yaani mfalme Edward wa Nane wa Uingereza aliyeacha kiti mwaka 1936. Kichekesho ni kwamba mwenyewe inasemekana hakulifunga. Yeye alikuwa anashonewa tai nene na kufunga fundo hilihili la kawaida, linaonekana kubwa kwa sababu ya unene wa kitambaa. Nilimweleza mume wangu hayo akanyamaza, ila hakuridhika. Kuna wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, waliokaa wakapiga hesabu za njia zote za kufunga tai ya kawaida, wakapata 85, na mwaka 1999 wakachapisha hesabu hizo kwenye jarida la Nature. Themanini na tano! Mimi nina moja, na kwa mshahara ule inatosha.

Nisidanganye kwamba naipenda tai. Kwa mji huu ni vazi la kujitesa. Asili yake inajulikana: karne ya 17 askari wa Kroatia walikwenda kupigana upande wa Ufaransa wakiwa wamefunga vitambaa shingoni, Wafaransa wakavipenda, wakaviita kwa jina la hao Wakroatia, mambo yakasambaa mpaka kwenye kasri. Shingo za huko zinahitaji kufunikwa. Za kwetu zinahitaji kupumua. Pwani hii ilikuwa na heshima yake ya mavazi kabla tai haijafika, na bado inayo: nenda kwenye nikaha Mikindani uone wazee walivyopiga kanzu na makoti, hakuna shingo iliyonyongwa hata moja, na hakuna anayesema hawajavaa. Ni usiku, ukumbini, ndipo bwana harusi anabadilishwa akatiwa suti na tai, akianza kutoka jasho kwa ajili ya picha.

Hata wakubwa hawakukubaliana juu yake. Mobutu kule Zaire aliipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na suti yenyewe. Kwetu enzi za Mwalimu heshima ilikuwa suti ya Kaunda, shingo wazi, mifuko minne, na mpaka leo naishona kwa wazee wastaafu ambao hawataki kusikia kitu kingine. Halafu akaja mtu wa huku kwetu, Mzee Mkapa wa Lupaso, Masasi, na miaka kumi ya urais wake, 1995 hadi 2005, tulimzoea ndani ya suti na tai. Baba yangu alikuwa akimtazama kwenye gazeti anasema, "Mtoto wa Kusini huyo," na nadhani kwa kizazi chake tai ilipanda thamani hapo, joto au sijui nini. Wajapani, ambao hawana utani na kazi, mwaka 2005 serikali yao ilianzisha utaratibu wa kuwaruhusu watumishi kuvua tai na makoti majira ya joto ili viyoyozi visile umeme. Nimemtumia mume wangu habari hiyo ampelekee bosi wake. Hajampelekea.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa kila anayeniuliza: usikaze. Kidole kimoja lazima kipite kati ya kola na shingo. Madaktari wa macho walipima mwaka 2003 wakakuta kwamba tai iliyokaza inapandisha presha ya ndani ya jicho, na mwenye ugonjwa wa presha ya macho hana haja ya kuongezewa. Na ukikuta tai inabana hata ikilegezwa, kosa siyo la tai, ni la kola. Mlete mtu wako kibandani nimsogezee kifungo.

Basi tukawa na utaratibu. Asubuhi, chai imeshanyweka, watoto wametoka, anakuja anasimama mlangoni penye mwanga, ameinua kidevu. Nami nimesimama mbele yake na ncha mbili mkononi. Muda wenyewe hauzidi wa kumenya chungwa, lakini ni muda ambao hawezi kwenda popote, hawezi kushika simu, na hawezi kuinama kukwepa macho. Nimeishi na huyu bwana miaka mingi na sijawahi kumtazama kwa ukaribu huo kwa ukawaida huo. Najua sasa pale wembe unapomkosakosa chini ya taya la kushoto. Najua alilala vibaya. Na najua jambo moja ambalo yeye mwenyewe halijui, au alikuwa halijui mpaka asome hapa: akiwa na neno hajalisema, kikoromeo chake kinapanda na kushuka mara mbili. Nakisikia kwenye kifundo cha kidole, maana mkono wangu uko palepale.

Mambo mengi ya nyumba hii yamesemwa pale mlangoni. Ada ya mkubwa. Mdogo wake aliyekopa na kunyamaza. Nilimwuliza kuhusu hela ya mabati nikiwa nimeshika upande uliosimama, na akajibu, kwa sababu angefanyaje? Mtu hawezi kukugombeza vizuri akiwa ameinua kidevu. Wala wewe huwezi kumgombeza vizuri ukiwa unamtafutia kibonyo.

Asubuhi moja mwezi wa pili kikoromeo kilipanda kikashuka, kikapanda tena. Nikasukuma fundo juu, sikusema kitu. Akasema, "Wananipeleka Lindi."

Lindi si mbali. Ni kilometa 100 na ushei, unapita Mingoyo, kukiwa hakuna matengenezo ya barabara umefika kabla jua halijawa kali. Lakini si njia ya kwenda na kurudi kila siku kwa nauli yetu. Alichukua chumba Mikumbi pamoja na wenzake wawili waliohamishwa kama yeye, anaondoka Jumapili jioni, anarudi Ijumaa usiku. Na swali la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa la jiko wala la kufuliwa nguo. Lilikuwa ni tai.

Wiki za mwanzo aliondoka nayo imefungwa. Ndiyo, niliifunga mimi mwenyewe, nikalegeza kitanzi, nikaikunja kwenye begi, ikakae msumarini Lindi kuanzia Jumatatu. Ilinikera. Alhamisi ya kwanza akanitumia picha, fundo limeshakuwa kama kokwa la embe, nikampigia palepale. Tukaanza masomo kwa WhatsApp, kwa kuonana.

Hapa ndipo nilipomshukuru mjomba kwa mara ya pili. Kwenye simu ya kuonana, mtu anajiona mwenyewe kama kwenye kioo, ila wewe wa upande wa pili unamwona alivyo kweli. Kwa hiyo ukimwambia "lete upande huu," ukanyoosha kidole, yeye anaona upande mwingine. Kulia kwake, kulia kwangu, kulia kwa simu, tulishaanza kurushiana maneno kabla ncha haijavuka hata mara moja. Nikakumbuka nguzo ya kuku. "Achana na kulia," nikamwambia. "Ipi imesimama?"

"Hii nyembamba."

"Ishike hapo, usiiachie. Hiyo pana ndiyo inacheza. Ipite mbele. Nyuma. Mbele tena. Huo utepe umeuona? Sasa ipande kwa ndani, ishuke chini ya utepe."

Kimya. Nasikia feni ya watu na mtangazaji wa mpira. Kisha akaisogeza simu chini nione. Fundo lilikuwa fundo. Ncha nyembamba ilikuwa imening'inia chini kuliko pana, kama ulimi, lakini fundo lilikuwa fundo, na lilipinda pale linapotakiwa kupinda.

"Pana ianze chini zaidi," nikamwambia. "Wewe ni mrefu."

"Hii naingiza ndani ya suruali."

"Usiingize! Fungua, anza upya."

Alifungua, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko kufunga. Mtu huyuhuyu aliyekuwa analilinda fundo la mhasibu wa Songea alilifungua la kwake mwenyewe bila kuambiwa mara mbili.

Sasa habari ninazopata kutoka Mikumbi ni kwamba wale wenzake wawili, ambao nao walikuja na tai zao zimefungwa na wake zao, moja Masasi na nyingine Newala, wamezifungua. Mmoja ilimponyoka alipokuwa anaivua, wa pili aliifua ikiwa imefungwa, ikanywea. Kila asubuhi wanapanga foleni kwa mume wangu kwenye kibaraza, anawafunga kwa mbele, uso kwa uso, kwa maneno ya mjomba. Ameanza kujiita fundi. Jumatatu hadi Alhamisi, na mwisho wa wiki wanamlipa: huyu soda, yule pweza wa kuchoma pale ufukweni jioni.

Nimemwambia pweza hawezi kusafiri, namsamehe. Hela ya soda aje nayo Ijumaa, tugawane na mjomba.